Alumini Kwanza, Taa Baadaye

Baridi ya Mbeya huwadanganya watu wanaojitengenezea taa za kukuzia miche. Mtu anausikia upepo wa Juni ukishuka kutoka milima ya Uporoto, anavaa koti, anafunga bodi yake ya LED kwenye kipande cha bati na kusema: hapa kwetu nani anahitaji kupooza kitu? Nimeona taa nyingi zikifa kwa hoja hiyo. Chipu ya LED hufa kwa joto lake yenyewe, lililozaliwa ndani yake likakosa njia ya kutoka, na hilo hutokea kwenye baridi ya Uyole, hapa Mbeya, kama linavyotokea kwenye joto la Tanga.

Wengi wanaamini LED haina joto, kwa sababu ukiweka mkono mbele ya mwanga wake huhisi joto la maana. Balbu ya zamani ya waya ilirusha joto lake mbele pamoja na nuru. LED hulirudisha nyuma, mgongoni mwake. Katika bodi za bei nafuu tunazozipata Mwanjelwa au kuagiza Kariakoo, kama theluthi moja ya umeme, au zaidi kidogo, ndiyo inayotoka kuwa mwanga. Kiasi kinachobaki chote ni joto, na linazaliwa mahali padogo sana. Bodi ya wati 50 huenea kwenye kiganja. Joto lisipoondolewa, mwanga unafifia, unga wa manjano unaoufanya mwanga wa bluu uonekane mweupe unachakaa, risasi ya kuungia inapasuka, na mwisho chipu moja inakufa na kuzima safu nzima.

Habari ya joto niliijua kabla LED hazijafika mtaani kwetu. Nilikuwa kijana wa kushika tochi na kupuliza vumbi katika kibanda cha fundi redio karibu na soko la Mwanjelwa, enzi za kaseti na amplifaya kubwa za kwaya. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu ya kazi nyingi, kwa sababu Jumapili makanisani vyombo vilikuwa vimepigishwa kazi tangu asubuhi. Mzee yule hakubadilisha transista iliyoungua kabla hajapitisha vidole kwenye hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi mgongoni mwa amplifaya. Alitazama kama limejaa vumbi, kama limelegea, kama grisi ya joto iliyo kati yake na transista imekauka ikawa chokaa. "Muziki hauui redio, kijana wangu," alikuwa akisema. "Joto ndilo linaloua. Ukiweka transista mpya juu ya kosa la zamani, umeuza kifo kingine." Amplifaya zisizotengenezeka alizivunja, akauza shaba na bati lake, lakini hitisinki hakuuza hata moja. Alizitunza kwenye kiroba chini ya meza. Alipoacha kazi kwa sababu ya macho, kiroba kile alinipa mimi.

Mtu wa Mbeya ana haki ya kuuliza taa ya miche ni ya nini wakati jua tunalo. Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba mara nyingi si ya lazima. Mwenye uwanja, kivuli cha neti na subira hana haja nayo. Lakini kuanzia Desemba hadi Aprili mawingu hukaa juu yetu siku nyingi mfululizo, na ukivuka kwenda upande wa Tukuyu hali ni nzito zaidi: huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu huwa mgeni wa kila asubuhi. Miche iliyofunikwa na nailoni gizani hurefuka, hulegea na kulala. Kisha linakuja tatizo la upande wa pili. Juni, Julai na Agosti jua letu ni kali na safi, ila usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Mbegu ya pilipili hoho ikiwa kwenye udongo wa nyuzi 25 huota kwa siku 8 au 9; kwenye nyuzi 15 huchukua karibu siku 25, zile ambazo hazijaoza. Nyanya, siku 6 dhidi ya 14. Mkulima wa bonde la Songwe au wa Mbarali anayetaka miche yake kwa tarehe fulani hawezi kusubiri hivyo.

Shangazi yangu anaishi Uyole na huuza miche. Alinunua taa ya kwanza dukani, mpya, ikiwa imeandikwa wati 100. Nilipokwenda kumwamkia alinionyesha ikiwa inaning'inia juu ya trei za hoho. Niliweka mita kwenye soketi: ilikuwa inakula chini ya nusu ya kilichoandikwa. Nilipoizima na kuigusa mgongoni nikaondoa mkono haraka. Mgongo wenyewe ulikuwa bati jembamba lililokunjwa mikunjo ili lionekane kama mapezi, limepakwa rangi nyeusi. Kabla masika hayajaisha sehemu kubwa ya chipu zake zilikuwa zimezima, na miche ya upande huo wa trei ilikuwa imeinama kufuata mwanga wa zile zilizobaki.

"Baba, hii ndiyo LED mnayosema inadumu miaka?" aliniuliza.

"Shangazi, LED ilikuwa nzima. Imekufa kwa kukosa alumini."

"Basi nitengenezee yenye alumini."

Hapo ndipo nilipofungua kile kiroba.

Jambo la kwanza nililotoka nalo kwenye kazi ile ya taa ya shangazi, ambalo ninalishikilia mpaka leo, ni kwamba taa huanzia kwenye hitisinki. Watu hufanya kinyume: hununua bodi kubwa kwa sababu ni rahisi na inang'aa, kisha hutafuta chochote cha kuifungia. Mimi hutazama kwanza alumini niliyonayo, nikahesabu inaweza kubeba joto kiasi gani, ndipo ninapoamua bodi iwe ya wati ngapi. Alumini nene yenye mapezi ni adimu na ghali Mbeya. Bodi za LED zimejaa kila kona.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Hewa iliyotulia huondoa joto polepole, kwa hiyo kinachohitajika ni uso mpana unaogusana nayo. Kwa taa isiyo na feni, mimi hutumia sentimita za mraba 80 kwa kila wati moja ya joto. Chukua hitisinki ya amplifaya yenye urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 10 na mapezi 10 yenye kimo cha sentimita 4. Kila pezi lina pande mbili, kila upande sentimita za mraba 80. Mapezi yote yanakupa 1,600. Ongeza kitako, unakaribia 1,800. Gawa kwa 80, unapata wati 22 za joto. Na kwa kuwa bodi ya bei nafuu hugeuza karibu asilimia 60 ya umeme wake kuwa joto, hitisinki hiyo inaibeba bodi inayokula wati 35 hivi, zilizopimwa kwa mita. Maandishi ya kwenye kasha hayahesabiki. Ukiwa na bodi ya wati 50, tafuta hitisinki kubwa zaidi au punguza umeme unaoingia.

Mapezi yakae mbalimbali. Hapa ndipo hitisinki za kompyuta kuukuu zinapowapoteza vijana, maana ni nzuri kwa macho: mapezi mengi, membamba, yaliyobanana, wakati mwingine yana kitako cha shaba, ambayo hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya feni. Ukiondoa feni, hewa hukwama katikati ya mapezi, inapata moto na kukaa humo humo. Kwa hewa inayopanda yenyewe, nafasi ya milimita 8 hadi 10 kati ya pezi na pezi ndiyo inayofanya kazi. Ukiitumia na feni yake, ni sawa, ila uwe tayari kuitunza. Vumbi letu jekundu la Agosti hujaza feni ndogo kwa muda mfupi, na siku feni inaposimama taa haina kinga nyingine. Kwa chumba cha miche, chenye udongo mkavu na unyevunyevu kwa pamoja, mimi huchagua hitisinki isiyo na feni hata kama ni nzito.

Nimejaribu vitu vingine vinavyopatikana hapa. Mafundi wa madirisha ya alumini wana vipande vya mabaki, nao huuza bila taabu. Alumini yao ni nzuri, hupitisha joto vizuri, lakini kuta zake ni nyembamba, kama milimita moja na kitu, hivyo joto halifiki mbali kutoka pale chipu ilipo. Inafaa kwa ile mistari mirefu ya LED ambayo chipu zake zimetawanyika. Haifai kwa bodi yenye chipu zilizokusanyika mahali pamoja. Kwa bodi ya namna hiyo kitako kiwe na unene wa milimita 5 au zaidi. Wapo pia wayeyushaji wanaosubu masufuria kwa chakavu, na mmoja alinisubia bamba zuri lenye mapezi. Linafanya kazi, ila alumini ya chakavu, hasa iliyochanganywa na pistoni za injini, ina silikoni nyingi na hupitisha joto karibu nusu tu ya ile ya madirisha, kwa hiyo lazima bamba liwe nene na kubwa. Bati na chuma sizungumzii sana. Chuma hupitisha joto kama robo ya alumini.

Sasa nije kwenye mwinuko, kwa sababu hili sijalisikia likisemwa mtaani na linatuhusu sisi wa nyanda za juu moja kwa moja. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni inayozunguka kwa mwendo ule ule husukuma ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni chache. Hitisinki iliyopimwa kiwandani karibu na usawa wa bahari, huku kwetu hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Baridi hufidia hasara hiyo, na mara nyingi huizidi: chumba cha nyuzi 15 kinakupa nafuu kubwa kuliko cha nyuzi 30. Lakini nani anaiacha miche kwenye chumba cha nyuzi 15? Mwenye miche hufunga dirisha, huzungusha nailoni kwenye kichanja, na ndani ya nailoni hiyo joto hupanda hadi 28 au 30. Hapo fidia ya baridi imekwisha, na wepesi wa hewa umebaki palepale. Pima joto la mahali taa inapokaa, ndani ya nailoni, ndipo ufanye hesabu.

Usiku nao una jambo lake. Bodi nyingi zinazouzwa sasa huunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 220 bila draiva (kisanduku cha kudhibiti umeme wa LED) ya pembeni. Zina vidude vidogo vinavyoshikilia mkondo usizidi, na vinafanya hivyo kwa kuila volti ya ziada na kuigeuza kuwa joto. Jioni, majirani wanapowasha kila kitu, umeme wetu hushuka na bodi hupoa. Saa sita usiku, mtaa ukilala, volti hupanda, na hitisinki ile ile iliyokuwa vuguvugu saa mbili inakuwa ya moto. Nililitambua hilo nikiwa kwa shangazi usiku, multimita mkononi, na tangu hapo sikubali taa niliyoijaribu mchana peke yake. Iache iwake kwa muda wa saa mbili au tatu usiku wa manane, kisha ichomoe kwenye soketi na uguse kitako. Ukiweza kukishikilia bila shida, uko karibu na nyuzi 50 au chini yake, na taa itadumu. Ukishindwa baada ya sekunde chache, umefika 60 au zaidi, na ndani ya chipu ni moto kuliko hapo.

Nimesema ichomoe, na ninasisitiza. Katika bodi hizi kinachotenganisha umeme wa TANESCO na alumini yako ni utando mwembamba sana. Utando huo ukitobolewa na skrubu iliyopinda au na joto, hitisinki nzima ina umeme, na wewe unamwagilia maji chini yake. Kila hitisinki ninayofunga ina waya wa ethi uliokazwa kwa skrubu yake peke yake, na nyumba isiyo na ethi siifungii bodi ya aina hiyo; hapo hutumia draiva yenye transfoma ndani. Draiva nayo naiweka mbali na hitisinki, ukutani, kwa kuwa kapasita zake hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka.

Kufunga bodi ni kazi ya mikono iliyotulia. Hitisinki ya zamani mara nyingi imepinda au ina makovu ya drili, basi nabandika karatasi ya msasa juu ya kioo na kuisugua hitisinki hapo mpaka kitako chote king'ae sawasawa. Grisi ya joto ni kama udongo wa kuziba nyufa za ukuta: hupakwa kidogo sana, kwa ajili ya mianya tu, na metali iguse metali kwingineko kote. Vijana hupaka nene wakidhani ndiyo kuongeza ubora. Alumini hupitisha joto mara nyingi sana kuliko grisi, hivyo kila tabaka la ziada ni kizuizi. Kisha skrubu, zikazwe kwa mshazari, polepole, kila moja kidogo kidogo.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote katika miaka hii ya kuhangaika na alumini ni kuona kwamba joto lile tunalolifukuza lina kazi Mbeya. Watu wa Dar es Salaam wana sababu ya kulitupa nje. Sisi tuna Julai. Kichanja cha shangazi kina ngazi tatu. Hitisinki ya ngazi ya chini inakaa chini ya trei za ngazi ya pili, ikiwa na nafasi ya kiganja kizima juu ya mapezi ili hewa ipite, na sakafu ya ngazi ni wavu badala ya ubao. Hewa ya vuguvugu inapanda na kuupasha udongo wa trei za juu. Mbegu za hoho, zinazopenda joto kuliko kitu kingine chochote kichanjani humo, zinakaa ngazi ya pili na ya tatu mpaka ziote. Kabichi na chainizi, zisizoogopa baridi, zinakaa chini. Taa zinawaka kuanzia saa tatu usiku hadi saa tano asubuhi, ili joto lije saa zenye baridi kali. Baada ya hapo zinazimwa na miche inapata mwanga wa dirishani hadi jioni, kisha saa chache za giza. Giza hilo ni la lazima kwa nyanya, ambayo ukiimulika saa 24 majani yake hugeuka manjano na kukauka.

Gharama ziko wazi. Taa ya wati 35 ikiwaka saa 14 kila siku hula karibu uniti 15 kwa mwezi. Anayetumia LUKU ya bei nafuu ya majumbani ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Akifunga taa tano za namna hiyo amekimaliza kabla hajawasha balbu ya sebuleni. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua hitisinki kubwa: LED iliyopoa hutoa mwanga zaidi kwa uniti ile ile.

Nina ombi kwa wanaonunua chakavu Mwanjelwa, Mbalizi, Tunduma na kule Ilula na Iringa mjini. Amplifaya, stabilaiza na inveta mbovu zinapofika kwenye mizani yenu, alumini yake yenye mapezi manene huchanganywa na makopo ya soda na kwenda kuyeyushwa kwa bei ya kilo. Itengeni pembeni. Waulizeni mafundi walio jirani kabla hamjapakia gari. Watawapa bei nzuri kuliko ya kilo, na hitisinki iliyotoka kwenye amplifaya ya kwaya ya mwaka 1990 ingali nzima, tayari kufanya kazi miaka mingine 30 juu ya trei ya nyanya.